Jadotville ku sinema: juu ya nini filme ya vita haichakai, na nani anakosekana ndani

Mara ya kwanza kuangalia filme The Siege of Jadotville tulikuwa watu saba mbele ya ordinatere moja, mu nyumba moja ya Kikula, jioni moja ambayo umeme ulikuwa umerudi. Mwenye nyumba, mzee aliyezaliwa hapa hapa mbele ya uhuru, alikaa nyuma ku kiti chake, kimya. Picha ya kwanza ya mji ilipotokea, akasema: “Ile haina Likasi.” Hakuna aliyebisha. Vilima si vya kwetu, udongo si wa kwetu, hata miti si yenyewe. Lakini hakuna aliyeinuka pia. Tuliangalia karibu saa mbili mpaka mwisho, na mzee aliangalia pamoja nasi, na mtoto wake alipotaka kusogeza mbele kidogo, mzee akamkataza.

Tangu siku ile swali moja linatufuata. Filme hii ilitoka mu 2016. Haikupigwa picha hapa. Watu wa mji huu hawana hadithi yao ndani. Hata hivyo inaendelea kupita kutoka simu moja kwenda nyingine, vijana wanaiangalia mara ya tatu, na kila mwaka Septemba ikifika kuko mtu anayeuliza: kweli vita ile ilikuwa wapi, upande gani wa mji? Inatushika na nini? Na sisi tunakosa nini ndani yake?

Leo tunajaribu kujibu maswali yote mawili.

Kwanza, mambo yenyewe

Kwa wale wanaolisikia jina hili ku filme tu: Jadotville njo sisi. Wabelgiji waliuita mji wetu kwa jina la Jean Jadot, injiniere Mbelgiji aliyekuwa kati ya wakubwa wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mu 1906. Kisha uhuru, jina hilo likaondolewa, tukabaki na Likasi.

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja tu kisha pale, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga inajitenga. Nyuma yake kulikuwa Union Minière, iliyolipa kodi zake ku serikali ya Katanga na si Léopoldville, na kulikuwa maofisa Wabelgiji walioongoza jeshi jipya la Katanga, wale tunaowaita jandarme. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba akauawa karibu na Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwezi uliofuata, Baraza la Usalama la ONU likaruhusu askari wake mu Congo watumie nguvu, kama hakuna njia nyingine, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mwanzoni mwa Septemba 1961, kompani moja ya askari wa Irlandi ilitumwa hapa. Walikuwa karibu 155, chini ya komanda Pat Quinlan. Kazi waliyopewa ilikuwa kulinda wazungu wa mji. Walipofika, wakakuta wazungu wengi hawawataki hata kuwaona, kwa sababu walikuwa upande wa Tshombe. Kambi yao ilikuwa nje ya mji, ku barabara ya Elisabethville, karibu na garaje ya Purfina. Quinlan aliangalia mahali pale, akaona hapana mchezo, akaamuru watu wake wachimbe mashimo. Mwenye amekwisha kupiga jembe mu udongo wa Likasi mwezi wa tisa, mbele ya mvua, anajua ile ni kazi gani. Walinung’unika, lakini wakachimba. Mashimo yale njo yaliwaokoa.

Jumatano tarehe 13 Septemba, ONU ilianza mu Elisabethville operesheni yake ya kukamata posta, redio na mahali pengine pa maana pa serikali ya Tshombe. Asubuhi ile ile, hapa Jadotville, askari wengi wa Irlandi walikuwa mu misa. Jandarme, pamoja na wazungu wa mji na mersenere, wakashambulia. Kisha pale, siku tano za moto. Ndege moja ya kivita, Fouga Magister, ilitoka Kolwezi ikawapiga mabomu na kuharibu magari yao. Maji yakaisha. Elikopta moja tu ya ONU ilifaulu kushuka, ikiendeshwa na Mnorwe mmoja na Mswidi mmoja, ikaleta maji. Kumbe mitungi ile ilikuwa imebeba mazutu, maji hayakunyweka. Mara mbili safu ya askari ilitoka Elisabethville kuja kuwakomboa, na mara mbili ikazuiwa ku daraja ya Lufira.

Siku ya Mungu, tarehe 17 Septemba, risasi zikiwa karibu kuisha na hakuna tone la maji, Quinlan alikubali kuweka silaha chini. Wakafungwa karibu mwezi mmoja, wakaachiliwa mu Oktoba. Usiku wa siku ile ile waliyojitoa, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU, ilianguka karibu na Ndola, mu Rhodesia ya Kaskazini, akiwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe ili mapigano yasimame.

Upande wa Irlandi: watano waliumia, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Upande wa pili: hesabu zinazotajwa sana kule Irlandi zinasema karibu watu 300 walikufa. Shikeni namba hizi mbili. Tutazirudilia.

Filme ya kundi inafanyaje kazi

The Siege of Jadotville iliongozwa na Richie Smyth. Jamie Dornan anacheza Quinlan, na Mfaransa Guillaume Canet anacheza mkubwa wa mersenere. Hadithi yake imetoka mu kitabu cha Declan Power cha mu 2005. Filme yenyewe si ya zamani, lakini chungu ilimopikwa ni cha zamani sana, na njo maana hata mtu asiyejua lolote juu ya Irlandi anaielewa kwa dakika kumi.

Chungu hicho wengi wanakipeleka mpaka kwa Akira Kurosawa wa Japani. Mu 1954 alitengeneza filme ya mashujaa saba wanaokubali kulinda kijiji kimoja cha wakulima maskini. Wamarekani wakaichukua mu 1960, wakawavalisha wale saba kofia za kauboi. Mu 1964 Waingereza wakatengeneza Zulu, juu ya vita ya Rorke’s Drift ya 1879: askari karibu 150 mu nyumba mbili za misheni, na maelfu ya askari wa Kizulu wakiwazunguka. Mu 1967 ikaja ile ambayo wengi wanaijua kuliko zote, The Dirty Dozen ya Robert Aldrich, yenye Lee Marvin, Charles Bronson, Jim Brown na wengine: wafungwa kumi na wawili, wengine wakingojea kunyongwa, wanapewa kazi ambayo hakuna mwenye akili angeikubali.

Ukiziweka pamoja, utaona zinaendeshwa karibu njia moja.

La kwanza: watu ni wachache, na kila mmoja ana kazi yake. Huyu anapiga mbali bila kukosa. Huyu anashika redio. Huyu ni padri, huyu anapika, huyu ni mzee wa jeshi aliyeona mengi. Filme inakupa muda wa kuwajua kwa kazi yao mbele ya kuwajua kwa jina. Ni sawa vile kundi la mupira: huwezi kumpenda kila mchezaji, lakini utachagua wako, na ukikwisha kuchagua, huondoki mpaka ujue amefika wapi.

La pili: filme ya shujaa mmoja, unajua tangu mwanzo kwamba hatakufa, juu filme itaendelea na nani? Filme ya kundi haikupi amani hiyo. Yeyote anaweza kuanguka. Woga wako unagawanyika mu watu kumi, na kila risasi inayopita unauliza: nani tena?

La tatu: kunakuwa mahali pamoja, na vitu vinavyohesabika. Risasi ngapi zimebaki. Maji ya siku ngapi. Daraja iko umbali gani. Mtazamaji anakuwa sawa mwenye kushika stoku, anahesabu pamoja nao. Hapa hadithi ya Jadotville ilikuja tayari, hakuna aliyehitaji kuongeza: shimo, jua, mtungi wenye harufu ya mazutu, na daraja ambayo hakuna anayefaulu kuivuka.

La ine: mbele ya vita kunakuwa maisha. Wanataniana, wanaandika barua, wanagombana juu ya kitu kidogo. Bila sehemu hiyo, moto unaofuata ni kelele tu. Mwenye kuisogeza mbele ili afike ku bunduki anaharibu filme kwa mkono wake mwenyewe, na mzee wetu wa Kikula alilijua hilo.

Wakubwa mbali, wadogo mu shimo

Lakini hayo yote yangeweza kuwa ya filme yoyote. Kuko jambo lingine, na tunafikiri njo linaloshika watu wa Likasi zaidi.

Mu filme za namna hii adui wa kweli mara nyingi si yule aliye mbele na bunduki. Ni yule aliye nyuma na simu. Mu The Siege of Jadotville, Quinlan anaita, anaomba msaada, anaeleza hali yake. Kule ku ofisi, wakubwa wana hesabu zao. Conor Cruise O’Brien, Mwirlandi aliyewakilisha ONU mu Katanga, ambaye Mark Strong anamcheza, anafikiria siasa. New York wanafikiria siasa ya juu zaidi. Na mu shimo kuko kijana ambaye hajafika miaka ishirini, anaambiwa: shikilia, watu wanakuja. Hakuna anayekuja.

Hapa Likasi, nani anahitaji kufasiriwa hilo? Mji mzima umeishi na neno “shikilia”. Union Minière ilitaifishwa mu 1967, ikazaa Gécamines, na kwa miaka mingi baba akitoka Shituru ao Panda na posho yake, familia ilijua kesho yake: shule, hospitali, unga. Kisha ikaja miaka ya 1990, mishahara ikachelewa, mwezi ukawa miezi. Wafanyakazi waliendelea kwenda kazini asubuhi. Mu 2003 ikaja ile tuliyoambiwa ni kuondoka kwa mapenzi, mpango uliosaidiwa na pesa za Banki ya Dunia: wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa pesa ya mwisho na kutoka. Maamuzi hayo yalichukuliwa mbali, na watu ambao hawajui njia ya Kikula. Mtu aliyepita mu hayo, akiona askari anayeshika redio na kusikia upande wa pili kimya, haulizi hadithi inatoka inchi gani. Anasema tu: “Banamutupa.”

Wamemtupa, kweli. Na sehemu ya uchungu zaidi ya hadithi hii ilikuja walipofika nyumbani.

Kosa lao lilikuwa kurudi wazima

Filme za kundi zina desturi yake: wengi wanakufa, na kwa kufa wanapata heshima. Mu The Dirty Dozen karibu wote wanaisha. Mashujaa wanne kati ya saba wa Kurosawa wanalala mu kaburi. Mtazamaji analia, kisha anasikia kwamba deni limelipwa.

Jadotville inavunja desturi hiyo, na si mwandishi wa filme aliyeivunja, ni mambo yenyewe. Hawa walirudi wote. Quinlan alikuwa amefanya kile ambacho kila mama angemuomba mkubwa wa jeshi afanye: alipigana mpaka vitu vikaisha, kisha akakataa kutoa watoto wa watu bure. Miezi kumi tu mbele ya pale, mu Novemba 1960, askari tisa wa Irlandi walikuwa wameuawa Niemba, upande wa Kaskazini ya Katanga, na wakazikwa Dublin kwa heshima kubwa ya taifa. Wale wa Jadotville, kwa kuwa walikuwa hai na walikuwa wamepandisha mikono, walipata kimya. Wengine walipewa jina la dharau mu kambi, “Jadotville Jack”, sawa vile kusema mwoga. Hakuna aliyetaka kusikia habari ya maji na daraja.

Quinlan alikufa mu 1997, jina lake halijasafishwa. Ni uchunguzi wa jeshi wa miaka ya 2004 na 2005, pamoja na kitabu kile, uliokubali kwamba walipigana vizuri. Mu Septemba 2016 kompani nzima ikatajwa kwa heshima. Mu Desemba 2017 waliobaki hai, na familia za waliokufa, wakapewa medali ya pekee. Medali hiyo inaitwa Jadotville. Sisi jina lile tuliliondoa ku karte. Wao wanalivaa ku kifua.

Kwa hiyo filme hii, kule kwao, ilikuwa zaidi ya mchezo. Ilikuwa kesi. Wazee walioitwa waoga kwa miaka zaidi ya arobaini walikaa mu sinema wakaona wajukuu wao wakijua ukweli. Filme ya vita inaishi muda mrefu inapokuwa na deni la kweli nyuma yake, na watu wanaosikia kwamba deni hilo ni lao.

Sasa turudi kwetu. Deni la upande wetu liko wapi?

Mara tatu ku sinema, hata siku moja Katanga

Katanga si mgeni ku filme za vita. Mu 1968 ilitoka ile ambayo Wafaransa waliiita Le Dernier Train du Katanga, ya Jack Cardiff, na Rod Taylor na Jim Brown, yule yule wa The Dirty Dozen. Mersenere wanapanda treni kwenda kuchukua wazungu na almasi. Treni ile ilipigwa picha Jamaika. Mu 1980 ikatoka La Légion saute sur Kolwezi ya Raoul Coutard, juu ya askari wa Ufaransa waliorushwa Kolwezi mu Mei 1978. Kolwezi ile ilitengenezwa mu Guyane ya Ufaransa, ng’ambo ya bahari. Na mu 2016 Jadotville yetu ikajengwa Afrika ya Kusini.

Jamaika, Guyane, Afrika ya Kusini. Filme tatu, kilomita maelfu, na hakuna tope hata moja la Lufira ku viatu vya mtu. Tunaelewa: pesa, usalama, vifaa. Hatuleti kesi juu ya miti. Lakini filme inapochukuliwa mbali namna hiyo, si miti tu inayobaki nyuma. Watu pia wanabaki.

Angalieni tena The Siege of Jadotville, na mara hii muangalie upande wa pili wa shimo. Wanatoka mu majani, wanakimbia, wanaanguka. Wanatoka tena, wanaanguka tena. Hakuna anayetaniana. Hakuna anayeandika barua. Hakuna padri, mpishi, ao mzee aliyeona mengi. Ule ujanja wote tulioueleza juu, wa kumpa kila mtu kazi na sura, unafanya kazi upande mmoja tu. Na si bahati mbaya. Njo namna chungu kile kilivyo. Ili wachache wawe watu, wengi lazima wawe wingi. Zulu ya 1964 ilijaribu kidogo: mfalme Cetshwayo alichezwa na Mangosuthu Buthelezi, mtu wa ukoo wake mwenyewe, na Wazulu wanapewa heshima yao mwishoni. Hata hivyo huendi nyumbani na jina la Mzulu mmoja aliyekufa pale ukutani.

Rudini sasa ku zile namba mbili. Sufuri, na karibu 300. Wairlandi 155 wana majina, orodha, picha, medali. Wale 300, kama kweli walikuwa 300, ni makadirio ya watu waliokuwa wanawapiga risasi.

Jandarme alikuwa mtoto wa nani?

Walikuwa nani? Hawakutoka mu majani. Jandarme wa 1961 alikuwa kijana aliyeandikishwa mu mwaka mmoja tu wa mbio, chini ya maofisa wazungu, kwa mshahara, kwa bendera mpya, ao kwa sababu kaka yake aliingia. Wengine waliamini Katanga kwa moyo wote. Wengine walihitaji kazi. Ilikuwa mu mji uliojaa watu waliokuja kwa ajili ya migodi, kutoka Kasai, kutoka Kaskazini ya Katanga, kutoka Rhodesia, na wengi wao hawakuwa upande wa Tshombe kabisa. Siku zile zile za Septemba, makumi ya maelfu ya Baluba walikuwa wanalala mu kambi ya wakimbizi Elisabethville, chini ya ulinzi wa ONU, wakiogopa jandarme hao hao. Kwa hiyo upande wa pili wa shimo hakukuwa “wao” moja. Kulikuwa mji mzima, na kila nyumba ilikuwa na hesabu yake.

ONU ilirudi Jadotville tarehe 3 Januari 1963, askari Wahindi wakiivuka Lufira, na mwezi ule ule kujitenga kukaisha. Jandarme mingi wakapita mpaka wakaenda Angola. Watoto wa vita ile wakarudi na bunduki mu 1977 na 1978, vita vya Shaba, na Kolwezi ikalia. Mtu anayeanza na filme ya siku tano anafika, bila kutaka, ku hadithi ya miaka ishirini.

Na kuko jambo lingine ambalo redio ya mji huu haiwezi kuliruka. Mu 1992 na 1993 tuliona, hapa Likasi, jirani akigeuka kuwa “wale”. Watu wa asili ya Kasai, wengine waliozaliwa hapa, walilala ku gare na vitu vyao wakingojea treni. Walikuwa na majina. Mmoja alikuwa mwalimu wako, mwingine alikuwa anashona nguo za sikukuu. Lakini siku zile waliangaliwa kama kundi moja lisilo na sura, na mtu akikwisha kukosa sura, unaweza kumfanyia lolote na kulala usingizi. Hatusemi filme inaleta mambo hayo. Tunasema mji wetu unajua, kuliko miji mingi, bei ya kuangalia watu namna ile. Njo maana tukiangalia askari wanatoka mu majani na kuanguka bila jina, kitu kinatuchoma hata kama mkono umeshika maindi ya kukaanga.

Basi, tuiangalie namna gani?

Tuiangalie. Ni filme nzuri, imetengenezwa kwa heshima, na wanaume wale walistahili kuoshwa jina. Usimzuie kijana wako. Lakini kaa naye, na ikiisha usifunge ordinatere mara moja. Muulize: ulimchagua nani? Atakutajia mmoja wa Wairlandi, na si kosa lake, filme haikumpa mwingine. Kisha muulize: kama mkambo wako alikuwa mu mji siku ile, alikuwa wapi?

Jibu la swali hilo haliko mu filme. Liko mu nyumba zetu, na linapungua. Mwenye alikuwa na miaka kumi mu 1961, akisikia ile ndege ya Kolwezi ikipita juu ya paa, leo amepita miaka sabini. Mwenye alishika bunduki amepita themanini, kama Mungu amemuacha. Irlandi ilingojea zaidi ya miaka arobaini kusikiliza wazee wake, na ilikuta bado kuko wa kusikiliza. Sisi tumekwisha kupita sitini.

Hatuhitaji kamera ya Hollywood. Simu ile ile inayobeba filme ina kitufe cha kurekodi sauti. Muulize mkambo maji yalitoka wapi siku zile, soko ilifunguka ao hapana, nani hakurudi nyumbani, na walimlilia wapi. Usimuulize nani alikuwa na haki. Hilo litakuja lenyewe, ao halitakuja. Andika jina. Andika kazi yake: fundi wa reli, muuza maindi, karani, jandarme. Wale waliotengeneza filme wanajua vizuri: mtu anaanza kuwa mtu siku unapojua kazi yake ni gani.

Yule mzee wa Kikula, filme ilipokwisha, alikaa kidogo, kisha akasema kwamba yeye siku ile alikuwa mtoto, na mama yake aliwalaza wote chini ya kitanda, siku mbili, na kilichomsumbua zaidi ni mbuzi wao mmoja aliyebaki nje akilia. Ku filme hakuna mbuzi. Tulimuomba aendelee. Umeme ukakatika, naye akaendelea.